Kulala nje Januari kaskazini mwa Minnesota: nyumba ya theluji, moto na begi la −7

Mkazi_wa_Jijini

Wakuu, salaam. Tuko watatu, binamu wawili na dada yetu mmoja. Tunakaa Minneapolis, na katikati ya Januari tunataka kulala nje usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi ndani ya Msitu wa Taifa wa Superior, upande wa Ely. Hatuendi mbali, gari litakuwa kama mita 600 nyuma yetu. Tunachotaka ni mazoezi: kuwasha moto kwa chuma cha cheche bila kiberiti, kuchimba nyumba ya theluji tukalala humo, na kuyeyusha theluji tupate maji ya kunywa na ya kupikia.

Utabiri unasema mchana −14, usiku −24, theluji ya chini kama sentimita 50. Tulivyonavyo ni mabegi ya kulalia yaliyoandikwa −7, mkeka wa povu mmoja kwa kila mtu, turubai la mita 3 kwa 4, shoka dogo, kisu, jiko la mtungi mdogo wa gesi, beleshi moja la kukunja, na majaketi manene ya mjini. Hema la kiangazi tunalo, ila tulifikiria kuliacha nyumbani tusije tukajidekeza.

Nyumba ya theluji ya watu watatu inachukua muda gani, na inajengwaje isituangukie? Kuni kavu zinapatikana wapi msitu mzima ukiwa mweupe? Begi la −7 litatosha tukiwa ndani ya theluji? Tulichosahau kitajeni, msituonee haya.

---

Kisiki_Kikavu

Karibu mkuu. Hema lirudishe kwenye gari leo hii. Hema ndilo linalowapa ruhusa ya kujaribu kitu kigumu, kikishindikana mkalala. Tower, mji ulio chini ya kilomita 40 kutoka Ely, ndiko ilikopimwa baridi kali kuliko zote katika rekodi za Minnesota: −51, tarehe 2 Februari 1996. Hamtaikuta hiyo, lakini mkumbuke kwamba hewa baridi ni nzito na hutiririka kwenda bondeni kama maji. Mbingu ikiwa wazi na upepo umelala, −24 ya kwenye simu inaweza kuwa −30 pale mlipotandika, hasa kando ya ziwa. Pandeni juu kidogo, hata mita 10 au 15 kutoka usawa wa ziwa, ndani ya miti.

Kinachowamaliza wengi ni jasho, kuliko hata baridi yenyewe. Mtu anavaa jaketi la mjini, anashika beleshi, dakika ishirini amelowa mgongo. Akisimama kupumzika, maji yale yanaanza kumnyonya joto, maana maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa tulivu. Vua kabla ya kuanza kazi. Ukianza kazi unahisi ubaridi kidogo, umevaa sawasawa. Ukimaliza, jaketi linarudi mwilini papo hapo, kabla hujaanza kutetemeka. Nguo ya ndani iwe ya sufu au ya nailoni. Fulana, suruali ya jinzi, chupi na soksi za pamba zote zibaki Minneapolis, kwa sababu pamba ikilowa hukaa nalo jasho mpaka asubuhi.

Sasa kuni. Video nyingi zitawaambia mkate mti uliokufa ukiwa umesimama. Ni kweli huo ndio mkavu kuliko yote, lakini kanuni za Boundary Waters, eneo la pori lililohifadhiwa ndani ya msitu huo mnaokwenda, zinataka kuni za mti uliokwisha kufa na kuanguka, na mti hai haukatwi hata tawi. Kwa hiyo tafuteni mti ulioanguka ukadakwa na mwenzake, ukabaki umelala hewani bila kugusa ardhi. Ule uliolala ndani ya theluji umenyonya unyevu tangu vuli. Kabla ya kuvuta chochote angalia juu: tawi lililoninginia halipigi hodi. Na msibebe kuni kutoka mjini, wadudu wanaoua miti ya jimbo lile husafiri ndani ya magogo.

Kupima ukavu kuna mtego wa kipupwe. Nyumbani tunavunja kijiti, kikilia "ka!" tunasema kimekauka. Kwenye −20 hata kijiti kibichi hulia hivyo hivyo, kwa sababu kimeganda. Kwa hiyo kwaruza gome kwa ukucha: ukiona rangi ya kijani chini yake, achana nacho. Kipande kikubwa kipasue katikati, uguse ndani kwa shavu. Mti wenye maji husikika baridi kama chuma, mkavu hausikiki hivyo.

Nyama ya moto ni kitovu cha gogo. Kata kipande cha unene wa kifundo cha mkono, urefu wa sentimita 35, kipasue vipande vinne, uondoe sehemu ya nje yenye unyevu. Kisha chukua ubao mmoja uunyoe. Piga goti moja, simamisha kijiti juu ya gogo, mkono wa kisu uwe umenyooka na mgandamizo utoke begani, usitoke kwenye kifundo. Kisu kilale karibu bapa juu ya mti, kiteremke taratibu, kisimame sentimita moja kabla ya mwisho ili unyoya usidondoke. Zungusha kijiti kidogo, unyoe juu ya kona iliyobaki baada ya unyoya uliotangulia. Ukiona manyoya yananyooka, unanyoa manene; membamba hujikunja yenyewe. Nyote watatu mtengeneze vijiti vitano vya namna hiyo kabla ya mtu yeyote kugusa chuma cha cheche.

Cheche haziwashi manyoya moja kwa moja, labda kwa fundi hasa. Zinahitaji kitu laini zaidi, na huko kaskazini kipo bure: gome la birchi, ule mti mweupe unaobanduka kama karatasi. Lichukue kwenye mti ulioanguka. Mbao ya ndani inaweza kuwa imeoza kabisa, gome likabaki zima, kwa sababu lina mafuta, na huwaka hata likiwa na unyevu. Usilipige cheche lilivyo. Likwaruze kwa mgongo wa kisu mpaka utoke unga unga wa nyuzi unaojaa kijiko cha chakula, ukiwa juu ya gome lenyewe kama kisahani. Kisha shikilia kisu palepale bila kukisogeza, ncha ya chuma cha cheche ikigusa gome, uvute chuma kuelekea nyuma. Wengi husukuma kisu mbele, kinagonga rundo na kulimwaga kwenye theluji, na kwenye theluji hulioni tena.

Chini ya moto tandika magogo mabovu ya unene wa mkono, yabanane, eneo la sentimita 60 kwa 60. Bila hivyo moto unachimba kaburi lake: unayeyusha, unazama, unajizima. Na usiwashe chini ya msonobari uliobeba theluji. Joto likipanda dakika kumi, mzigo wote unashuka.

Kiasi cha kuni, kwa jioni moja ya muda wa saa nne mkiyeyusha maji ya watatu: konzi tatu za vijiti vyembamba kama vya kiberiti, konzi tatu za unene wa penseli, kumbatio mbili za unene wa dole gumba, na kumbatio sita au saba za unene wa kifundo cha mkono. Vyote vipangwe kwa ukubwa, vikiwa juu ya turubai, kabla ya cheche ya kwanza. Anayewasha kwanza halafu akaenda kutafuta kuni hurudi akakuta majivu.

Shoka dogo liachieni kazi za kupasua, kukata tumia msumeno. Msumeno wa upinde wa inchi 21 hukata gogo la sentimita 12 bila kuwatoa jasho, na ukiteleza unachana glavu. Shoka likiteleza kwenye mti ulioganda linaishia kwenye goti. Shoka lililolala nje usiku lipashe kwanza kwa mikono au mbali kidogo na moto, kwa sababu chuma chenye baridi kali makali yake humeguka kwenye fundo la mti.

Na kiberiti mbebe. Viwili, ndani ya mfuko mkavu. Mazoezi ya cheche ni mazoezi.

---

Bi_Theluji

Kaka, nyumba unayoizungumzia wenyeji wa huko huiita kwinzi: unarundika theluji, unaiacha ishikane, kisha unachimba ndani. Si igluu. Igluu inajengwa kwa matofali ya theluji ngumu iliyopigwa na upepo, na msituni hamna theluji ya namna hiyo.

Kwa watu watatu rundo liwe na upana wa mita 3.5 chini na kimo cha mita 1.8. Hiyo ni kama mita za ujazo 12, zaidi ya tani tatu za theluji. Theluji yenu ya sentimita 50 ni nyepesi, ikirundikwa inashuka karibu nusu, kwa hiyo mtaikomba eneo la kama mita 7 kwa 7. Kwa beleshi moja la kukunja mtakuwa hapo mpaka Pasaka. Tafuteni mabeleshi mawili ya alumini yenye sahani pana, na mbebe pia sleji ya plastiki ya watoto. Inasomba theluji vizuri kuliko beleshi.

Kwanza kanyageni duara lote la chini likae imara. Kisha tupeni theluji juu, msiipande wala kuikanyaga. Kule kurushwa ndiko kunakoisaidia: fuwele zinavunjika, theluji ya chini iliyo vuguvugu kidogo inachanganyika na ya juu iliyo baridi, na punje zinaanza kuungana zenyewe. Mkimaliza, pigapigeni uso wa nje kwa mgongo wa beleshi, kisha muondoke. Saa mbili ni kima cha chini. Theluji ya unga kwenye −20 hushikana polepole, ipeni tatu. Wakati huo ndio wa kutafuta kuni na kula.

Kabla ya kuchimba, chomekeni vijiti vya sentimita 30, kama arobaini, pande zote, vyote vielekee katikati. Anayechimba ndani akifikia ncha ya kijiti, anaacha hapo, anahamia pengine. Bila vijiti mtabaki kukisia, na ukuta ukianza kupitisha mwanga wa samawati mmekwisha kupita kiasi. Juu kabisa unaweza kubaki sentimita 20, chini 30.

Mlango uwe mdogo, upana wa mabega tu, usitazamane na upepo. Chimbeni kwanza kwa kupanda, kwa sababu mnataka sakafu ya kulalia iwe juu ya usawa wa mlango, hata sentimita 30. Hewa baridi inashuka inatoka kwa mlango, na ya mwilini mwenu inabaki juu. Dari liwe la mviringo kama sufuria iliyofunikwa, mlilainishe kwa glavu. Kila kibonge mtakachoacha kwenye dari kitakuwa bomba la kuwadondoshea maji usiku.

Tundu la hewa ni lazima: upana wa ngumi, pembeni juu, limelazwa kidogo. Acheni fimbo imechomekwa humo muda wote, na kila mtu akiamka usiku aisukume. Beleshi moja lilale ndani pamoja nanyi. Msiwashe jiko humo, hata "dakika mbili tu": gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu, na theluji ikianza kuyeyuka kwa joto hujifunga barafu laini isiyopitisha hewa.

Kuchimba ndiko kunakolowesha. Anayechimba amelala chali na theluji inamwangukia shingoni. Avae koti na suruali ya mvua juu ya nguo nyembamba, atolewe baada ya dakika 15. Wa pili asimame mlangoni akivuta theluji nje, wa tatu akae na moto. Asichimbe mtu peke yake, kamwe. Dari likishuka ghafla likamlalia, walio nje wana dakika chache tu, na ndiyo maana mabeleshi ni mawili.

Jumla ni saa sita au saba. Katikati ya Januari jua la Ely linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo Ijumaa laleni kwenye hema, Jumamosi muanze kurundika saa tatu asubuhi. Mkifika Ijumaa mchana mkaanza siku hiyo hiyo, mtachimba gizani mkiwa mmelowa.

---

Turubai_Tu

Mimi sikubaliani na kwinzi kwa mara ya kwanza. Kazi ya saa saba, nguo zimelowa, na mwisho wake mnalala kwenye −5 badala ya −24. Faida ipo, lakini hema zuri pamoja na begi zuri la kulalia linafanya kazi hiyo kwa dakika 15. Kwinzi jaribuni kwanza uani kwenu mjini, theluji ya uani inatosha, na kikishindikana mlango wa nyumba uko mita tano.

Swali la begi: −7 haitoshi, wala ndani ya kwinzi haitoshi kwa uhakika. Someni lebo tena. Kwenye kipimo cha kimataifa kuna namba mbili za kuangalia, ya kulala kwa raha na ya mwisho wa uvumilivu, na watengenezaji hupenda kuandika ya pili kwa herufi kubwa. Begi la "−7" mara nyingi raha yake iko karibu na −1. Chagueni kwa namba ya raha, na dada aongeze nafasi zaidi, kwa sababu kipimo cha raha kimepangwa kwa mwanamke wa kawaida na cha mwisho kwa mwanamume. Maduka ya vifaa pale Ely hukodisha mabegi ya −30. Mkitaka kuvalisha begi ndani ya begi, la nje liwe kubwa vya kutosha; la ndani likibanwa, manyoya yake hayavimbi, na ni hewa iliyo kati ya manyoya inayowapa joto.

Mkeka mmoja wa povu una nguvu ya kuzuia baridi ya takriban 2 kwa kile kipimo cha R, nanyi mnahitaji 5 au zaidi. Namba hizo zinajumlishwa, kwa hiyo povu mbili ni 4, na povu moja chini ya mkeka wa kupuliza wa 4 ni 6. Watu hununua begi la bei mbaya wakalala juu ya povu moja, kisha wanalaumu begi. Ardhi ndiyo inayowanyonya. Kitanda cha matawi mabichi kinachosifiwa kwenye video kisahauni, huko hakiruhusiwi.

Jiko la gesi: butani huacha kuchemka kwenye −0.5, isobutani kwenye −12 hivi, propani kwenye −42. Maana yake kwenye −24 propani peke yake ndiyo inayotoka. Jiko litawaka vizuri dakika za mwanzo, kisha mwali unanyong'onyea huku mtungi ukiwa na uzito wa nusu. Kodisheni jiko la mafuta ya maji la pampu. Mkijaza mafuta vaeni glavu: kwenye −24 mafuta hayo hayagandi, yakimwagika kidoleni yanavukiza na kugandisha ngozi papo hapo. Sababu hiyo hiyo ya butani ndiyo inayofanya kiberiti cha gesi kikatae, kiwekeni mfuko wa ndani wa shati.

---

Bi_Theluji

@Turubai_Tu uani nakubali, ni wazo zuri kuliko langu. Ila hizo −5 usizibeze, upepo ukivuma. −20 yenye upepo wa kilomita 30 kwa saa ngozi inaisikia kama −33, na hema la kiangazi lina vyandarua vinavyopitisha upepo huo wote. Ndani ya kwinzi hakuna upepo kabisa.

---

Muuguzi_wa_Zamu

Hapo juu mmeongea moto na theluji, naongeza mwili.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya 35 ni hatari, na dalili za mwanzo anaziona mwenzako kabla yako. Mtu anadondosha vitu, anajikwaa pasipo na kitu, maneno yanavutika, ananuna bila sababu. Zoezi rahisi: mwambie aguse kidole kidogo kwa dole gumba. Akishindwa, kazi imeisha. Mtoe kwenye upepo, muweke juu ya mkeka, mvue vilivyolowa, mfunike mpaka kichwani, mpe kinywaji cha moto chenye sukari nyingi kama anameza vizuri. Pombe hapana, inafungua mishipa ya ngozi na joto linakimbia. Aliyekuwa akitetemeka akaacha huku bado ana baridi na ameanza kuchanganyikiwa, huyo amezidiwa: msimtembeze, msimsugue, mlazeni na muite msaada.

Ngozi kuganda: vitabu vingi vinasema tafuta weupe au wekundu. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko hayo hayaonekani kirahisi. Ngozi inapauka kijivu, kama iliyokosa mafuta, inang'aa kama nta, na ukiibonyeza ni ngumu. Dalili ya kuiamini zaidi ni ganzi: kidole kilichokuwa kinauma kikiacha kuuma bila kupata joto, usifurahi. Kiweke kwapani, chako au cha mwenzako. Miguu iwekwe tumboni kwa mwenzako, aibu baadaye. Usisugue, na theluji ndiyo kabisa usisugulie. Ikiwa sehemu imeganda ngumu, msiiyeyushe kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani, ni afadhali afike hospitali ilivyo. Ya kuyeyushia ni maji ya nyuzi 37 mpaka 39, dakika 15 mpaka 30, na itauma sana. Mafuta ya mgando usoni hayazuii kuganda, yanakupa tu imani. Boshori linalofunika mashavu na pua ndilo linalozuia.

Viatu vizidi saizi yenu kwa namba moja. Soksi mbili nene ndani ya kiatu kinachobana zinaziba damu, na mguu unapoa kuliko ungevaa moja. Glavu za nje ziwe zile zinazokusanya vidole vinne pamoja, ndani nyembamba za sufu za kufanyia kazi, na kamba ya shingoni zisipeperuke.

Kula mafuta. Mwili wa kazi kwenye baridi ile unaweza kudai kalori 4,000 na zaidi kwa siku. Karanga, siagi, jibini, uji mzito wenye maziwa ya unga na siagi ya karanga. Kila kitu mkate vipande nyumbani, kwa sababu siagi iliyoganda haikatiki, na andazi lililolala nje linavunja jino. Chapati zikae ndani ya jaketi. Kabla ya kulala kula kitu cha mafuta, kojoa, chemsha lita moja ya maji uitie kwenye chupa ngumu isiyovuja, uivalishe soksi, uiweke kati ya mapaja ndani ya begi. Pumzi itoke nje ya begi. Ukipumulia ndani, unajilowesha mwenyewe polepole mpaka asubuhi.

---

Mkazi_wa_Jijini

Shukrani wakuu, hema na mabegi ya kukodi vimeingia kwenye orodha, na uani tunaanza Jumamosi hii. Mawili yamebaki. Maji: tukiwa kando ya ziwa, si bora kutoboa barafu kuliko kuyeyusha theluji? Na gari, litawaka Jumapili?

---

Kisiki_Kikavu

Ni bora, tena sana. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunakula nishati karibu sawa na kupasha maji hayo hayo kutoka 0 mpaka 80, na theluji mpya ya lita 10 inatoa kama lita moja tu. Kwa watatu, lita 3 au 4 kila mmoja, hesabu kuni mwenyewe. Mkilazimika kuyeyusha, wekeni kwanza kikombe cha maji chini ya sufuria, ndipo theluji iingie kidogo kidogo. Theluji kavu kwenye sufuria tupu hunyonya tone lake la kwanza juu, chini kunabaki hewa, sufuria inaungua na maji yananuka moshi.

Kutembea juu ya ziwa, idara ya maliasili ya Minnesota inasema inchi 4, yaani sentimita 10, za barafu mpya iliyo safi kama kioo. Ile nyeupe yenye mapovu iwe mara mbili. Toboeni mkiwa ufukweni, mpime, msogee hatua chache, mpime tena. Epukeni palipo na mkondo: midomo ya vijito, kati ya visiwa, kwenye mabwawa ya biva, yule mnyama anayeziba vijito kwa miti. Theluji nene juu ya barafu ni blanketi, inaizuia isinenepe, na uzito wake husukuma maji juu yakawa rojo chini ya theluji. Kiatu kikiingia humo kinaganda dakika hiyo hiyo. Kila mtu avae shingoni vishikio viwili vyenye misumari vya kujivutia. Akitumbukia, Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba anafundisha kwa namba tatu: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inatii, na saa 1 kabla ya kuzimia. Geuka ulikotoka, kwa sababu barafu ya huko ilikwisha kukubeba, piga miguu ulale kifudifudi, ukitoka jibiringishe usisimame.

Maji ya ziwa yachemsheni kabla ya kunywa. Chupa zilazeni zikitazama chini, kwa sababu maji huanza kuganda juu; asubuhi mkizigeuza, mdomo utakuwa wazi.

Gari: betri kwenye −18 inabaki na karibu nusu ya nguvu yake, na ikiwa na miaka minne au mitano mkaipime dukani kabla ya safari. Tangi liwe limejaa, nyaya za kuazimia umeme ziwemo, na msivute breki ya mkono, hukamatana kwa barafu. Simu ikae mfuko wa ndani, na taa za kichwani mzitilie betri za lithiamu, za kawaida hufa mapema.

Boundary Waters inahitaji kibali mwaka mzima. Kuanzia Oktoba mpaka mwisho wa Aprili mnajiandikia wenyewe kwenye lango la kuingilia, bila malipo. Nakala ya kibali na mahali mtakapolala mwachieni mtu aliye mjini, pamoja na saa ya Jumapili ambayo akiwa hajasikia simu yenu apige 911.

---

Turubai_Tu

Uani mkimaliza kuchimba, mmoja apande juu ya rundo alibomoe kwa miguu. Mtashangaa linavyogoma, na mtajua uzito unaokaa juu ya aliyelala ndani. Hakikisheni tu hakuna mtu humo.